Pikipiki Iliyojua Kukataa

Mimi nimeolewa na mtu asiyejua kusema hapana. Msidhani najisifu. Wanawake wa ploti yetu ya nyumba za kupanga hapa Riruta huniambia, "Mama Quincy, una bahati, mzee wako ni mpole," nami huwajibu, mchukueni basi mkae naye wiki moja, halafu mnirudishie mkiwa bado na akili zenu. Upole wa Zedekiah ni wa kila mtu isipokuwa sisi wa nyumba yake. Ukimwomba koti mvua ikinyesha, atakuvulia, kisha aje nyumbani amelowa hadi soksi aniambie, "Jamaa alikuwa anasikia baridi."

Sasa mtu kama huyo ndiye Mungu akamjalia pikipiki. Tuliinunua abebee mizigo ya maduka ya Naivasha Road, na kila asubuhi anipeleke Hurlingham na ndoo zangu mbili, moja ya githeri, mahindi na maharagwe, na moja ya chapati, maana mimi huuza chakula cha mchana kwa watu wa ofisi za kule. Hiyo ndiyo ilikuwa mipango yetu. Watu wengine nao walikuwa na yao.

Wa kwanza alikuwa Norman, kaka yangu wa damu, na ninamtaja wa kwanza ili mjue sina upendeleo. Norman huja na maneno yale yale: "Shem, nipatie pikipiki nikimbie hapo tu." Hapo tu ya Norman inaweza kuwa Kinoo, inaweza kuwa Limuru. Pikipiki ikirudi, tangi limekauka, kioo kimoja kinaangalia mbinguni, na kwenye karia ya mizigo nyuma kumejaa manyoya ya kuku. Na Zedekiah atasema nini? Kwetu shemeji hanyimwi. Tena siku ya mahari, wajomba zangu walipotaka kumrudisha kwao kwa sababu alifika amechelewa, ni Norman aliyesimama akamtetea mpaka jasho likamtoka. Tangu siku ile mume wangu akimwona Norman anaanza kupapasa funguo mfukoni kabla hajaombwa.

Wa pili ni Mbuthia, mwenye ploti, tunayemwita Baba Ciru. Ana nguruwe wake Uthiru, na gari lake limesimama juu ya mawe tangu Quincy wangu akiwa hajaota meno. Huyo hata haombi. Husema, "Zedekiah, si leo hutumii hiyo kitu yako?" Ukiwa unakaa kwenye nyumba ya mtu, jibu la swali kama hilo ni moja tu. Baada ya hao wawili kulikuwa na wa kanisani, wa kwaya, na jirani mmoja ambaye mpaka leo simjui jina lakini najua anaendesha vibaya.

Wahenga walisema ukimpa mtu shubiri atachukua pima. Lakini wahenga hawakuwahi kupanga nyumba Riruta. Hapa mtu huchukua pima, halafu anarudi kuulizia kama kuna nyingine.

Mimi kelele nilipiga. Nina mdomo, Mungu alinipa, na siuweki akiba. Lakini kelele zangu zilikuwa za bure, kwa sababu kilichokuwa kinaniuma si mafuta wala kioo. Nilikuwa namwona mume wangu akiisha kidogo kidogo kama sabuni ya bafu la ploti, kila mtu anapaka, hakuna anayenunua. Jioni anaketi na kusema, "Leo nimechoka," na ukimuuliza amefanya kazi gani yake mwenyewe, anainama kufungua viatu.

Ndipo ikaja habari ya kazi. Pale Hurlingham kuna maabara moja ninayoiuzia chapati, na mkuu wa pale wa mambo ya usafirishaji ni mwanamke anaitwa Veronicah, mkavu wa maneno, hacheki ovyo. Siku moja akiwa anakula githeri yangu akaniambia wanatafuta mtu wa pikipiki, wa kuzunguka kliniki akikusanya sampuli za damu. Mshahara wa mwisho wa mwezi. Bima ya familia nzima. Likizo, jamani, likizo yenye malipo! Nikamwambia kwamba mume wangu ni dereva hodari ambaye mfano wake haujawahi kutokea. Akasema, "Mlete Ijumaa ya wiki ijayo tumjaribu. Akiweza, ataanza Jumatatu."

Nilirudi nyumbani nikiimba. Nikamweleza Zedekiah, naye akafurahi mpaka akasimama. Bado amesimama hivyo, mlango ukagongwa. Norman. "Shem, hapo tu." Na mume wangu, macho yake bado yana furaha ya ile kazi, akaingiza mkono mfukoni akatoa funguo.

Ai! Usiku ule sikupika. "Zedekiah," nikamwambia, "ukipata hiyo kazi utampa Norman damu za watu azungushe nazo Limuru? Mwenye ploti akitaka kwenda kwa nguruwe, utaweka wapi mkojo wa wagonjwa? Hii kazi itakushinda kabla hujaianza, na si kwa sababu huwezi pikipiki. Ni kwa sababu huna mdomo." Alikula mkate mkavu akalala.

Kesho yake jioni akarudi mikono imejaa grisi na uso unang'aa. Akaniita nje, akachutama karibu na pikipiki, akanionyesha pale mguu wa kushoto unapokaa.

"Nimetoka Uthiru kwa fundi Nzula," akasema kwa sauti ya chini, akiangalia huku na huku. "Amenigeuzia gia."

"Kwani zilikuwa zimeharibika?"

"Zilikuwa sawa kabisa. Sikiza. Pikipiki hii ilikuwa kama zingine zote za mtaa: gia ya kwanza unakanyaga chini, zinazofuata unainua kwa vidole. Hata Norman ukimwamsha usingizini, mguu wake unajua hivyo. Sasa Nzula amefungua hiki kichuma kinachounganisha pedali na injini, akakipindua, akakifunga. Ya kwanza ni kuinua. Zingine zote ni kukanyaga."

"Na faida yake?"

Akatabasamu, tabasamu la mtu aliyepata dawa. "Sitamnyima mtu, Mama Quincy. Anayeomba nitampa funguo vizuri kabisa. Ni pikipiki ndiyo itakataa."

Nilimtazama. "Yaani umeajiri chuma kikusemee?"

"Chuma hakina shemeji," akasema.

Nilitaka kukasirika, haki ya Mungu, lakini kicheko kilinishinda. Nikacheka mpaka Quincy akatoka nje kuuliza kuna nini.

Kujifunza kwenyewe hakukuwa mchezo. Alikuwa akienda uwanja wa kanisa moja Uthiru, akizunguka peke yake kwa mwendo wa konokono, anaongea na mguu wake. "Kanyaga. Kanyaga tena. Sasa inua. Nimesema inua, wewe mguu!" Wanakwaya waliokuwa wakifanya mazoezi walidhani anaomba kwa bidii, mmoja akaja akamwekea mkono begani. Nyumbani nako akiketi kula, mguu wa kushoto unacheza chini ya meza, juu, chini, chini. Lakini aliipata. Baada ya siku chache alikuwa anateleza nayo kama amezaliwa na gia za kinyume.

Norman alikuja Jumanne, wiki yenyewe ya majaribio. Zedekiah akampa funguo kwa mikono miwili, kwa heshima zote. Mimi nilikuwa naanua nguo na sikutaka kukosa hata kidogo.

Kaka yangu akapanda, akawasha, akakanyaga chini kama kawaida. Bila kujua ameweka gia ya pili. Pikipiki ikakohoa ikazima. Akawasha tena, ikazima tena. Norman ni mtu wa kiburi. Mara ya tatu akavuta mafuta hadi injini ikalia, akaachilia klachi, ikaondoka nayo kwa kuruka ruka kama mbuzi aliyeona kisu. Akaona imeshika mwendo, akataka gia ya juu, akainua vidole. Hiyo ilikuwa ni ya kwanza! Injini ilipiga ukelele, gurudumu la nyuma likashika, Norman akapanda juu ya tangi kifua mbele, akaachilia kila kitu, na wote wawili wakalala polepole kwenye fungu la sukuma wiki la Mama Wahu, anayeuza mboga pale getini.

Hakuumia, ila Mama Wahu alimtukana kwa Kikuyu na kwa Kiswahili, na kila lugha alikuwa anaijua vizuri.

"Shem, hii kitu yako imeingiwa na nini?" Norman akauliza, majani ya sukuma yako masikioni.

"Imenizoea mimi," akasema Zedekiah kwa huzuni kubwa. "Hata mimi inanishangaza."

Mwenye ploti naye alijaribu Jumatano, akaruka nayo mara moja tu, akashuka, akaizunguka akiitazama kwa mashaka kama mtu aliyeuziwa ng'ombe asiyetoa maziwa. Wa kwaya alisikia habari hakuja. Nikasema moyoni, asante Yesu, mtu wangu amepona.

Nilisherehekea mapema. Alhamisi asubuhi Norman huyo tena mlangoni. "Shem, kwa vile hiyo pikipiki inakujua wewe peke yako, basi nipeleke wewe. Hapo tu." Zedekiah akafungua mdomo. Nikamwona akitafuta lile neno, lipo karibu, liko kwenye ulimi. Akasema, "Sawa."

Woi! Mnaelewa kilichotokea? Zamani walikuwa wanachukua pikipiki, mume wangu anabaki. Sasa wanachukua vyote viwili! Norman alimzungusha mpaka saa nane. Aliporudi, mwenye ploti alikuwa ameketi kwenye ngazi akimngoja na kofia yake kichwani. Wanasema mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini mume wangu alikuwa amechimba, ameingia, na alikuwa akiwapa watu mkono ili wamfuate.

"Kesho ni Ijumaa," nikamwambia usiku. "Veronicah anatungoja saa nne. Kesho hata malaika Gabrieli akija anataka kupelekwa, umwambie ana mabawa."

"Nimesikia," akasema.

Asubuhi nilipokuwa nafunika githeri nikasikia ile sauti nje. "Zedekiah, si leo hutumii hiyo kitu yako mpaka saa nne?" Kumbe alikuwa ametusikia kupitia ukuta. Kuta zake ni nyembamba, na ni yeye alizijenga. Nilitoka mbio na mwiko mkononi, nikakuta wameshaondoka, mwenye ploti nyuma amekumbatia gunia la machicha ya nguruwe, na mume wangu akipunga mkono kuniambia anakwenda anarudi.

Nilisimama getini na ndoo zangu. Mama Wahu akaniuliza kama niko sawa. Nikamwambia sisemi kitu kwa sababu nikianza sitanyamaza mpaka Krismasi. Nilikuwa na hasira, lakini chini ya hasira nilikuwa na woga. Nilijua kazi kama ile haiji mara mbili kwa watu kama sisi, na nilijua itapotea kwa sababu ya nguruwe.

Akafika saa tatu imeenda sana, suruali inanuka machicha. Nikapanda, ndoo moja ikafungwa kwenye karia, nyingine mapajani, na tukaenda. Njia nzima nilikuwa naangalia ule mguu wake wa kushoto. Kanyaga, kanyaga, inua, inua. Ulikuwa unafanya kazi safi, bila hata kufikiri. Hapo ndipo lingenijia wazo, kama ningekuwa na akili. Halikunijia.

Tukaingia maabara tukiwa tumechelewa kidogo. Nyuma kuna uwanja mdogo, na Veronicah alikuwa amepanga mitungi mitupu ya maji ya kunywa iwe njia ya kupita. Mlinzi wa geti, kijana mnene aliyekuwa bodaboda kabla ya kuajiriwa pale, alikuwa amesimama kuangalia. Kulikuwa na boksi la barafu, na ndani yake chupa ndogo za maji yaliyotiwa biti yawe mekundu kama damu.

"Zunguka mitungi mara mbili, usimame hapa mbele yangu, chupa zisivunjike," akasema Veronicah. Halafu akamwonyesha pikipiki. Ya maabara. Mpya, nyeupe, inang'aa, na gia zake ziko vile vile zilivyotoka kiwandani.

Nilimwona Zedekiah akipoteza rangi. Tulielewa wakati mmoja.

Akapanda. Midomo ilikuwa inachezacheza. Alikuwa anauambia mguu wake usahau yale ya wiki nzima na ukumbuke ya zamani. Lakini mguu ni kama mtoto, ukishamfundisha tabia mpya kwa kiboko hawezi kuiacha kwa kubembelezwa. Akainua. Ikazima. Akainua tena, ikazima. Mlinzi akakohoa. Mara ya tatu akakumbuka, akakanyaga, ikaenda vizuri, na mimi nikaanza kupumua. Akapita mtungi wa kwanza. Akapita wa pili. Hapo akashika mwendo, akajisahau, akataka ya pili, akakanyaga kwa nguvu zote. Haikuwa na pa kwenda, ilikuwa ya kwanza bado. Akakanyaga tena. Injini inalia, mitungi inakuja. Akavuta breki ghafla, pikipiki ikachuchumaa kwa pua, boksi likafunguka, na chupa zikaruka mpaka kwenye blauzi ya Veronicah. Blauzi yenyewe ilikuwa ya krimu.

Zedekiah alishuka akasimama na helmeti kifuani kama mtu aliye kaburini.

"Mama Quincy," akasema Veronicah polepole, akijifuta biti, "uliniambia mume wako anajua pikipiki."

"Anajua!"

"Anajua ya wapi?"

Basi nikapasuka. Sikujizuia tena. Nikamwambia yote, Norman na hapo tu yake, mwenye ploti na nguruwe, siku ya mahari, Nzula na kile kichuma, sukuma ya Mama Wahu. Nikamwambia huyu mwanamume unayemwona hajashindwa na pikipiki, ameshindwa na watu, na kwa sababu hawezi kuwanyima akaenda akaharibu pikipiki yake mwenyewe ili iwanyime kwa niaba yake, na sasa imetunyima na sisi. Nilikuwa nalia na kupiga kelele pamoja. Zedekiah alikuwa akiangalia viatu vyake.

Veronicah alitembea mpaka kwenye pikipiki yetu, akaitazama. "Yaani hakuna mtu mwingine anaweza kuendesha hii?"

"Hakuna," akasema Zedekiah. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu tufike.

Akamwita mlinzi. "Jaribu." Kijana akapanda kwa madaha ya bodaboda, akazima mara mbili, akaruka mara moja, akaingia kwenye maua. Na hapo Veronicah, huyo mkavu, akacheka. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Niwaambie kitu," akasema alipopata pumzi. "Wa mwisho niliyemwandika alikuwa dereva mzuri kuliko wote. Pikipiki ya kazi alikuwa akimwazima binamu yake jioni. Siku moja nafungua boksi la sampuli napata samaki, mbichi, wamelala vizuri kwenye barafu yangu. Mimi sina shida ya dereva. Nina shida ya mabinamu." Akamgeukia Zedekiah. "Panda yako. Zunguka."

Akahamishia boksi na chupa zilizobaki kwenye yake, akapanda. Jamani, kama mngeona! Alipita katikati ya ile mitungi kama maji, akasimama mbele ya Veronicah taratibu, hata chupa moja haikugonga mwenzake. Nikapiga vigelegele peke yangu.

"Tutakuajiri wewe, na pikipiki yako tutaikodi," akasema Veronicah. "Lakini sheria ni moja. Pikipiki ikishakuwa ya damu ya watu, haibebi kitu kingine, iwe kazini au iwe nyumbani. Si ndugu, si gunia, si jirani, hata kama ni njia moja. Nikisikia imebeba, kazi imeisha siku hiyo hiyo. Utaweza?"

"Ataweza!" nikasema.

"Nimemuuliza yeye."

"Nitaweza," akasema Zedekiah, kwa sauti ambayo hata mimi mke wake sikuiamini.

Jumamosi na Jumapili sikupata raha. Kwa bahati Norman alikuwa amesafiri, na mwenye ploti alikuwa na wageni. Lakini Jumatatu ilikuwa inakuja, na nguruwe hula Jumatatu. Nilijiambia, Joyline, mume wako amepata kazi ya mshahara, sasa wewe utakuwa mdomo wake. Yeyote atakayekaribia ile pikipiki atakutana na wewe kwanza.

Nilipika kabla ya mapambazuko. Kulipokucha nilikuwa tayari nimesimama kando ya pikipiki, helmeti kichwani, ndoo moja huku, nyingine huku, kama askari wa benki. Na kweli, huyo anakuja, Baba Ciru na gunia lake begani. Sikumngojea afike.

"Baba Ciru! Simama hapo hapo! Hii pikipiki si ya nguruwe tena! Ina kazi ya serious, ina damu za watu, haibebi gunia, haibebi mtu, na ukitaka kuongeza kodi ongeza lakini hutaipanda!"

Masikini, sijui kama alikuwa amekuja kuomba au alikuwa anapita tu. Aliweka gunia chini akarudi nyuma. "Mama Quincy, pole pole, mimi nimesalimia tu."

Zedekiah akatoka na boksi jipya la barafu alilopewa maabara, akalifunga kwenye karia kwa kamba, akavuta kuona kama limeshika. Alikuwa amevaa fulana ya reflekta ya maabara na shati nililompigia pasi. Alipendeza. Nikajawa na fahari, nikainua ndoo ya chapati.

"Haya Baba Quincy, hii nitashika mapajani. Ile ya githeri ifunge hapo juu ya boksi twende, tusichelewe."

"Hapana," akasema.

Nilimgeukia mwenye ploti. "Umesikia? Mwambie tena, baba, asikie vizuri!"

"Mama Quincy." Alikuwa ananiangalia mimi. "Ni wewe nakuambia."

Nilidhani ni mzaha. "Zedekiah, si tunaenda mahali pamoja? Hurlingham ni ile ile! Mimi nashukia geti lile lile!"

"Najua."

"Githeri inapoa!"

"Najua, Joyline." Alivuta tena kamba ya boksi, ingawa ilikuwa imeshika. "Nikikubeba wewe leo, kesho nitamwambia nini Norman?"

Na mimi, mwenye mdomo, nikaishusha ndoo chini. Akavaa helmeti, akawasha, akainua gia kwa vidole, akaondoka. Akakanyaga kwenye kona, akakanyaga tena, nikasikia gia zikiingia moja baada ya nyingine hadi sauti ikapotelea barabarani.

Mwenye ploti akatikisa kichwa. "Huyu mzee wako siku hizi amekuwa mkali," akasema, akabeba gunia lake akaenda kwa miguu.

Nilishika ndoo zangu nikaanza safari ya kwenda steji ya matatu. Niliongea peke yangu njia nzima. Nilimwita majina ambayo siwezi kuyarudia, na mengine niliyatunga pale pale. Kamba za ndoo zilinikata vidole, helmeti bado niko nayo kichwani, na watoto wa shule wananicheka. Nilikuwa nimemwomba Mungu miaka yote hiyo ampe mume wangu neno moja tu, na siku alipopewa akaja kulianzia kwangu! Nikasimama kupumzisha mikono, na hapo ndipo likanichoma. Kila asubuhi nimekuwa nikiipanda pikipiki ile, mimi na ndoo zangu, kabla hajabeba mzigo wa mtu yeyote anayemlipa, na sikuwahi hata siku moja kumuuliza kama anaweza. Norman, na ubaya wake wote, alikuwa anaomba kwanza.

Nilifuta uso kwa leso. Machozi yalikuwa ya hasira, lakini hayakuwa ya hasira tupu.

Pale steji Mama Wahu alikuwa anashusha mboga zake. Akaniona na ndoo na helmeti, akashika kiuno. "Mama Quincy, na leo unaenda na miguu? Kwani mzee yuko wapi?"

"Yuko kazini," nikamwambia, nikamwomba anisaidie kupandisha ndoo kwenye matatu.